Miwani ya Oloo Usoni mwa Phyllis

Taa za magari zilianza kuota ndevu. Hivyo ndivyo Reuben Oloo alivyojieleza mwenyewe, maana wakati huo hakuwa amemwambia mtu. Jioni akitoka Lusail, tajiri wake alikokuwa akijenga nyumba, kila taa iliyomjia ilikuwa na manyoya pande zote, na vibao vya njia alivijua kwa umbo, si kwa maandishi. Jicho la kushoto lilikuwa bado linajikongoja. La kulia lilikuwa limefunikwa kama kioo cha bafuni mtu akitoka kuoga maji ya moto.

Alikaa kimya kwa sababu dereva hana ruhusa ya kuugua macho. Leseni yake ilikuwa ukingoni mwa kuisha, na Doha huwezi kuihuisha leseni bila kusoma herufi ukutani. Leseni ikikwama, kazi imekwama. Kazi ikikwama, ukaaji umekwisha, na kinachofuata ni ndege. Oloo hakuogopa kurudi kwao Siaya. Aliogopa kurudishwa. Mtu aliyezijua barabara za mji huu tangu pale palipo na minara palipokuwa mchanga mtupu, siku ya kuondoka alitaka aichague mwenyewe.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyemshika, siku alipopandisha tairi la mbele kwenye ukingo, palepale nje ya shule ya watoto. Hakumgombeza. Alisema tu, "Reuben, macho," na wiki hiyohiyo akamtafutia nafasi kliniki.

Huko wakamwambia ni mtoto wa jicho. Lenzi aliyozaliwa nayo imeingia ukungu. Itatolewa, na mahali pake itawekwa nyingine ya kutengenezwa, isiyozidi punje ya dengu. Kazi yenyewe ni fupi. Kigumu ni kujua lenzi hiyo iwe na nguvu kiasi gani, kwa sababu ikishaingia ndani haivuliwi kama miwani.

Aliyempima alikuwa binti wa Machakos aitwaye Winfred, mwenye mikono ya baridi na maneno ya joto. Alimuuliza kwa Kiswahili kama amewahi kufanyiwa chochote machoni. Oloo akasema la. Alisema kabla swali halijaisha, kama anavyosema kila dereva wa Doha. Mgeni akifika kambi ya wafanyakazi, wenyeji humfundisha hilo mapema kuliko njia ya kwenda sokoni: mbele ya daktari wa ajira wewe huna historia, una mwili tu. Presha? La. Mgongo? La. Umewahi kulazwa? La, hata siku ya kuzaliwa. Oloo mwenyewe alikuwa ameshawafundisha wengi.

Winfred akapima mviringo wa mbele ya jicho, akapima na urefu wake toka mbele hadi nyuma, akapeleka vipimo kwa daktari. Baada ya muda akarudi, akavuta kiti karibu. Daktari, Msudani mmoja mpole asiyependa kuharakishwa, alikuwa amezikataa hizo hesabu. Jicho ni refu, refu kama la mtu aliyevaa miwani mizito tangu utotoni. Lakini mbele limebapa, na mwenyewe anasema hajawahi kuvaa kitu wala kuguswa.

"Baba," Winfred akasema kwa sauti ya chini, "hapa hakuna anayekupima kazi. Hapa unapimwa ili uone. Ukinificha mimi, jicho lako ndilo unalolificha."

Oloo akatazama mikono yake. Halafu akasema yote. Aliwahi kuvaa miwani, tena vioo kama kitako cha chupa. Tajiri wake wa kwanza hakutaka dereva wa namna hiyo mbele ya wageni. Akamlipia apigwe leza, mwaka uleule kanisa lilipofunguliwa Mesaimeer. Macho yakafunguka, miwani ikakosa kazi.

Winfred hakumlaumu. Alimweleza taratibu, na Oloo akaelewa kwa njia ya gari. Mashine ya kliniki ni kama mita ya mwendo, imepangwa kwa tairi lililotoka kiwandani. Ukifunga tairi la kimo kingine, mshale utaendelea kusoma kwa uhakika uleule, ila unasema uongo. Leza ilikuwa imechonga kioo cha mbele cha jicho, na mashine haikuwa na habari. Ingedhani kioo hicho kina nguvu kuliko kilivyo, ichague lenzi dhaifu, na Oloo aamke haoni mbali sawasawa wala karibu. Zipo kanuni za kompyuta za kukisia macho ya namna hii. Daktari alijaribu tatu, zikampa majibu matatu. Kama ingejulikana nambari ya macho yake kabla ya leza, ikajulikana ni kiasi gani kilichongwa, majibu hayo yangesogeleana.

Kliniki ile ya leza ilishafungwa siku nyingi. Pale sasa wanauza mazulia.

"Na miwani yenyewe?" Winfred akauliza. "Hata iwe ya zamani vipi, naweza kuisoma kwenye mashine. Nambari imo ndani ya kioo."

Miwani haikupotea. Oloo alijua kabisa iko kwenye uso wa nani.

Miaka ile ukumbi wa Mesaimeer ukiwa bado unanuka rangi mbichi, Wakenya waliosali pale Ijumaa, siku ya mapumziko Doha, waliweka meza pembeni. Mwenye kitu asichokihitaji alikiweka juu yake: sufuria, viatu, koti la mtu aliyerudi nyumbani. Asiye nacho alichukua. Sheria ilikuwa moja, na kila mtu aliijua bila kufundishwa: kilichowekwa mezani hakiulizwi tena, hata kwa kukitazama sana.

Oloo aliweka miwani yake. Mwanamke wa Taita aitwaye Phyllis, mfanyakazi wa nyumbani huko Abu Hamour, aliiokota kwa mzaha. Akaivaa kuwachekesha wenzake, akageuka kutazama upande wa pili wa uwanja, kicheko kikamkauka mdomoni. Alisimama hivyo mpaka wenzake wakaanza kuingiwa na wasiwasi. Kisha akasema polepole, kama anayejisemea, "Kumbe watu wana nyusi hata wakiwa kule."

Hakuna aliyewahi kumpima macho. Alikua akidhani dunia inaishia pale inapoishia kwake, na kwamba wanaosema wanaona mbali wanapiga domo tu.

Tangu siku hiyo kila Ijumaa Oloo aliiona miwani yake ikimjia ikiwa na mtu nyuma yake. Walianza kwa salamu, wakaenda kwa chai ya thermosi, wakafika pale ambapo kila mmoja humwekea mwenziwe kiti bila kuombwa. Phyllis hakuwa mtu wa kusema ndiyo. Ukimuuliza kama aongezewe chai, aliinua nyusi tu, juu ya fremu nyeusi yenye kona zilizochongoka, na hiyo ndiyo ndiyo yake. Oloo akawa anamuuliza maswali mengi kuliko yaliyohitajika.

Kisha wenzake wakamshika. Ati Oloo, unaichunga miwani yako isiibiwe? Ati ukimwoa huyu, si mahari umeshatoa, ya vioo? Yalikuwa maneno ya kucheka, na Oloo alicheka pamoja nao, lakini moyoni alipata baridi. Alifikiri kwamba Phyllis naye ataona hivyo, kwamba mtu huyu anamzunguka kwa sababu alimpa kitu. Tajiri mpya alipomhitaji Ijumaa, siku ya chakula cha ukoo mzima, Oloo hakuomba ruhusa hata mara moja. Akaacha kwenda Mesaimeer. Hakuaga.

Sasa akaomba ruhusa.

Meza ilikuwa palepale, na Phyllis alikuwa nyuma yake akipanga vikombe. Siku hizi alikuwa mpishi wa shule ya chekechea. Oloo alimtambua kwa fremu kwanza. Uso wenyewe ulikuwa ukungu wenye miwani nyeusi. Na kwa vile alikuwa ameyakariri maneno yake njia nzima, alianza na lile la mwisho.

"Phyllis, nimekuja kwa ajili ya miwani."

Onyango, mlinzi wa hoteli na mtu wa maneno tangu zamani, akasema mwacheni jamani, mwenye mali amerudi kukagua.

"Kuaga hukuaga," Phyllis akasema. "Leo salamu hakuna. Umerudi kwa ajili ya miwani."

Oloo akaona aibu mpaka masikioni. Akavuta kiti, akaanza upya, kwanza salamu, halafu macho, halafu mashine, halafu tairi. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, na mahali pa leseni sauti ilimshuka. Phyllis alimsikiliza mpaka mwisho akikausha kikombe kilekile.

"Kwa hiyo mimi ndiye tairi lako la zamani," akasema.

"Si wewe. Miwani."

"Haya. Nitakuja nayo mwenyewe. Sikuvulii hapa uende nayo, nitapandaje basi la kurudi?"

Siku ya siku alikuja kliniki amevaa kitenge kizuri, akakaa wima kama anayesubiri kuulizwa swali la ubatizo. Winfred aliichukua miwani, akaiweka kwenye mashine, akazungusha hiki na kile. Sita na nusu kulia, akasema, sita kushoto. Alikuwa na furaha. Ilikuwa nambari ya maana, nambari ya mtu aliyehitaji miwani kwelikweli, na alikuwa ameshasimama aipeleke kwa daktari. Oloo akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Lusail. Alidhani nambari yake ilikuwa kubwa kuliko hiyo, lakini nani hukumbuka nambari za miaka ile.

Bila miwani Phyllis alikuwa akikaza macho kuelekea sauti ya Winfred.

"Subiri, mwanangu," akasema. "Nambari hiyo si yake."

Winfred akasimama mlangoni.

"Ni yangu."

Ikabidi aseme, na alisema akiwa amegeukia upande wa dirisha. Miwani ya Oloo ilimfungulia dunia, lakini ilikuwa kali kupita macho yake. Kila jioni kichwa kilimpiga kama kinu. Alivumilia mwaka na zaidi, akinywa vidonge, kwa sababu Ijumaa ilikuwa lazima aje ameivaa. Kisha mwanamke aliyemfanyia kazi akamhurumia, akampeleka dukani akapimwa, na Phyllis akawaambia wabadilishe vioo lakini fremu wasiiguse. Hakumwambia Oloo. Utamwambiaje mtu kwamba zawadi yake inakuumiza? Na sasa Oloo alipokuja kuuliza miwani, yeye alijua miwani ni ile fremu. Hakufikiri kwamba kinachotafutwa ni kioo.

Winfred akarudi akakaa. Mkono wake ulikuwa bado umeshika karatasi ya nambari. Ingekuwa nambari ya kijinga, alisema baadaye, daktari angeikamata. Lakini hii ilifanana na ukweli. Angeiamini, angechagua lenzi, na Oloo angebeba ndani ya jicho lake hesabu ya macho ya mtu mwingine.

"Mama, vile vioo vya kwanza ulivitupa?"

Phyllis akageuza uso kama aliyetukanwa. "Nitatupaje kitu kilichonionyesha nyusi za watu?"

Vilikuwa chumbani kwake, kwenye mkebe wa vifungo. Gari la Oloo lilikuwa kwa dereva mwingine siku hiyo, wakapanda basi hadi Abu Hamour, Phyllis alikokuwa bado akiishi, na kurudi. Oloo alikaa karibu na dirisha, na kila basi lilipokaribia taa, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu. Phyllis aliutazama mguu huo safari nzima. Alipochoka kujizuia alimwambia aondoe mguu, breki iko mbele, na ina mwenyewe.

Vioo vilikuwa vimefungwa ndani ya soksi ya mtoto, kimoja kimemeguka pembeni. Winfred alivishika kwa ncha za vidole. Kulikuwa na jambo moja limebaki: kipi cha kulia, kipi cha kushoto? Kioo hukatwa kwa umbo la fremu yake, kina upande wa pua na upande wa sikio, kwa hiyo fremu yenyewe ingesema. Ilibidi vioo vya Phyllis vitolewe, vile vya zamani virudishwe mahali pake, kisha visomwe. Phyllis akasema sawa. Akavua, akatoa, na Winfred akaondoka na macho yake.

Wakabaki wawili kwenye chumba cha kusubiri, mmoja haoni kwa ukungu, mwingine haoni kwa umbali. Mtu alipita na kigari cha dawa, Phyllis akakwepa kisichokuwepo, Oloo akamshika mkono kumrudisha kitini. Baada ya hapo hakuuachia, na Phyllis hakumkumbusha.

"Uliacha kuja," akasema.

"Walinicheka. Kwamba nafuata miwani yangu."

"Na ulikuwa unafuata nini?"

Mtu mwingine angekuwa na jibu tamu. Oloo akasema lililokuwepo. "Miwani nilikuwa siihitaji tena."

Kidole gumba cha Phyllis kikaanza kusugua kifundo cha mkono wa Oloo, kama anayepima kama mchele umeiva.

"Nikiona," Oloo akasema, "naweza kuja kukaa kwenye kile kiti? Si Ijumaa peke yake. Nauliza cha siku zote."

"Leo sikujibu. Leo hatuonani." Akacheka kidogo, kisha sauti ikawa ya kweli. "Wakishakufungua hilo jicho, njoo Mesaimeer, usimame langoni. Mimi nitakuwa mezani. Nitakujibu kutoka pale, na sipazi sauti."

"Nisipoona je?"

"Basi nitakuwa nimejibu bure."

Winfred alitoka na nambari mpya. Kumi kulia, tisa kushoto. Daktari aliziingiza kwenye kanuni zake, na yale majibu yaliyokuwa kila moja na njia yake yakaja yakakaa karibu, kama jamaa waliopatanishwa. Alimwambia Oloo kwa Kiarabu chepesi kwamba hesabu ya jicho lililochongwa haina kiapo, inaweza kukosea kidogo huku au huku. Lakini leo yeye daktari anaweza kulala usingizi. Akamuuliza anataka lenzi ya kuona mbali au ya kuona karibu, kwa kuwa lenzi hii haikupi vyote viwili. Mbali, kisha miwani ya kusomea, au kinyume chake. Oloo akachagua mbali. Dereva yeyote angechagua mbali, na hakumweleza daktari kwamba alikuwa akifikiria uwanja wa kanisa.

Phyllis aliporudishiwa vioo vyake, alivaa, akamtazama Oloo usoni kwa karibu.

"Umezeeka, Mjaluo."

"Wewe sijui. Sikuoni."

Upasuaji wa jicho la kulia ulikuwa wa matone na mwanga mweupe, na sauti ya daktari ikiongea na watu wake kana kwamba wanapika. Oloo alilala na ngao ya plastiki juu ya jicho. Asubuhi Winfred aliibandua, akamfuta, akamwambia afungue polepole. Kitu cha kwanza alichoona sawasawa kilikuwa vumbi kwenye wavu wa kiyoyozi, kila unyuzi, na akalitazama kwa heshima. Kisha herufi za ukutani. Alishuka nazo mstari kwa mstari, Winfred akimfuata kwa midomo bila sauti, wakafika chini kuliko leseni inavyodai. Vya karibu hakuviona vizuri. Simu yake mwenyewe aliishika mbali kama mtu anayeogopa kuumwa nayo. Lakini hayo yalikuwa makubaliano.

Leseni ikahuishwa. Mama mwenye nyumba akarudisha watoto garini. Na bado Oloo hakulala vizuri wiki ile, kwa sababu herufi za ukutani ni nyeusi juu ya nyeupe, na zimekaa palepale.

Ijumaa alisimama langoni kama alivyoambiwa. Ibada moja ilikuwa imetoka, nyingine inaingia. Wafilipino na Wahindi wa Kerala walipishana uwanjani na watoto wao waliovishwa vizuri, na kila alipodhani njia imefunguka mtu mrefu alisimama katikati. Akangoja. Watu wakapungua. Ng'ambo ya uwanja akaiona meza, akaona vikombe juu ya meza, akaona mpini wa kikombe kimoja umevunjika.

Phyllis alikuwa nyuma ya vikombe, mikono pembeni, amemwangalia. Inawezekana alikuwa amemwangalia tangu alipofika.

Oloo akainua kiganja akafunika jicho la kushoto, ili asije akajidanganya kwa jicho la zamani. Likabaki lile jipya peke yake na mwanga wote wa uwanja. Fremu nyeusi. Kona zake mbili zilizochongoka. Juu yake nyusi, nyembamba, zenye mvi kidogo kwenye ule wa kushoto, mvi ambayo hakuwa ameijua. Zilikuwa zimetulia. Alizitazama zikiwa zimetulia, na moyo wake ukamwambia labda hapo ndipo nguvu ya lenzi inapoishia.

Zikapanda. Mara moja, juu kabisa ya fremu, zikakaa huko kidogo kama za mtu anayeulizwa kama aongezewe chai, zikashuka.

Oloo akashusha kiganja. Onyango alikuwa ameshaanza kusema kitu na watu wameshaanza kucheka, lakini yeye alikuwa anavuka uwanja, akitazama pale Phyllis alipokuwa ameinama kuvuta kiti cha pili.